Mtihani wa Kumuuliza Baba Mkwe

Mtaani kwetu mke wangu anaitwa Daktari, na ni daktari kweli, si jina la kubandikwa. Anafanya kazi wodi ya wanaume katika hospitali kubwa ya mji, ile ambayo daktari mmoja huhudumia ukumbi mzima huku anatembea. Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu iko mbele ya nyumba, nyumba yenyewe ni ya baba yangu, na tunaishi humo wanne: baba, mama, mimi na yeye. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna watu wakisikia fundi makochi ameoa daktari hawatulii mpaka waelezwe ilikuwaje. Alileta kiti kilichochanika, nikakishona vizuri. Inatosha.

Tangu nimjue, Daktari amekuwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni figo. Hospitalini kwao mashine ya kusafisha damu ipo, bingwa wa figo hayupo. Mgonjwa akizidiwa anaandikiwa aende mji mwingine, na wengi hawafiki huko. Daktari alikuwa akirudi nyumbani siku kama hizo hali chakula, anakaa karakanani kwangu juu ya marobota ya sponji, ananyamaza. Nilijifunza kutomsemesha. Siku moja akasema atausomea huo ubingwa hata ikibidi autafute mwisho wa dunia, na mimi nikasema sawa, kwa sababu nilidhani ni maneno ya uchovu. Kumbe mwenzangu alikuwa ameshaanza kutuma maombi.

Hospitali moja huko kwa Wajerumani ikamkubali. Nafasi ipo, mkufunzi yupo, yeye aende na mimi nitafuata baadaye na mkasi wangu. Sharti lilikuwa moja: afaulu mtihani wa Kijerumani cha kidaktari, ule wanaopewa madaktari wageni kabla hawajaruhusiwa kumgusa mgonjwa.

Mtihani huo naufahamu kuliko fundi makochi yeyote duniani. Una sehemu tatu. Kwanza unakaa na mgonjwa wa kuigiza, mtu aliyekaririshwa ugonjwa, unamhoji mpaka uujue. Halafu unajifungia unaandika barua ya kitabibu kuhusu mgonjwa huyo. Mwisho unakwenda mbele ya daktari mkubwa unamweleza ulichokipata, naye anakuchimba. Kwa mgonjwa unasema lugha ya nyumbani, kwa daktari unasema ile ya vitabuni, na ole wako uchanganye.

Basi nyumba yetu ikageuka darasa. Daktari aligundua kwamba kochi lina mgongo, mikono na miguu kama binadamu, akaanza kubandika vikaratasi vya Kijerumani kwenye kazi zangu. Kila nikigeuka nakuta bega, nyonga, goti. Mteja mmoja alipelekewa makochi yake nyumbani, kesho yake akanipigia simu kuuliza lile neno refu nyuma ya kiti ni jina la kiwanda au ni laana. Nilimwambia ni uti wa mgongo, akakata simu. Mama naye alianza kuyajua maneno. Alikuwa akichekecha unga anatamka ini na bandama kwa sauti ya mtu anayeita watoto wa jirani.

Daktari akaenda huko kwa Wajerumani kufanya mtihani akiwa amejaa Kijerumani mpaka ndotoni. Akarudi amefeli.

Hakufeli kwa lugha, na hilo ndilo lililoniuma. Wodini kwao mzee haulizwi mambo yake. Mzee huja na mtu, awe mtoto wake, mkwe au jirani. Daktari anamwamkia mzee, anamshika mkono, kisha anamgeukia aliyemleta: anakula, anapata choo, anatumia kilevi? Mzee anaangalia dari kana kwamba anazungumziwa mtu mwingine. Ndivyo Daktari alivyofundishwa na waliomtangulia, na anayeona ni uzembe ajaribu yeye kumuuliza mtu wa umri wa babu yake habari za choo mbele ya ukumbi mzima.

Kule kwenye mtihani akaingia chumbani akamkuta mzee wa mvi, miwani, koti limepigwa pasi, kakaa peke yake. Maumivu aliyauliza vizuri, na homa, na chakula. Alipofika kwenye pombe ulimi ukamganda. Akaruka. Kwenye choo akaruka tena. Anasema kila alipofungua mdomo alimwona baba yangu amekaa pale. Alipokwenda kuandika barua, pale penye pombe pakawa peupe, na karatasi ya daktari haiachwi peupe, kwa hiyo akaandika kwamba mgonjwa hatumii kilevi. Wodini kwao huandika hivyo kila siku kwa wazee wa heshima, na hakuna aliyewahi kumhoji.

Daktari mkubwa alimuuliza kama ana hakika. Akasema anayo. Basi yule mzee alikuwa amekaririshwa kwamba anakunywa kila siku tangu asubuhi, na alikuwa mgonjwa wa mawe kwenye mfuko wa nyongo, mtu wa kupasuliwa. Mnywaji kama huyo akikatiwa pombe ghafla kitandani anaweza kuchanganyikiwa akang'oa dripu, na anaweza kufa. Daktari mkubwa hakufoka. Alimwambia Kijerumani chake ni kizuri, ila amemletea jibu ambalo mgonjwa hakulitoa.

Ile hospitali ikakubali kumsubiri kwa mara moja tu zaidi. Akishindwa tena nafasi anapewa mwingine, na figo za mji wetu zitaendelea kuandikiwa barua za kwenda kwingine.

Nilikasirika mimi. Nilipigilia misumari siku ile mpaka nikapasua fremu ya mtu. Mtu anafelishwa kwa adabu yake? Yeye hakukasirika. Alilia kidogo, akaoga, akafunga kibwebwe, akasema tuanze upya. Nikajitolea kuwa mgonjwa. Hapo pakawa hapana faida yoyote, maana kwangu hakuwa na haya hata chembe. Maswali ya kilevi aliniuliza kwa namna iliyonifanya nianze kujitetea, na mwishowe alimaliza mahojiano kwa kuniuliza zile pesa za kitambaa cha kijani zilikwenda wapi. Nilimwambia kwenye mtihani hakuna swali hilo. Akasema kwenye nyumba hii lipo.

Sasa niseme habari za baba. Baba alikuwa mkaguzi wa mizani. Maisha yake yote alizunguka sokoni na madukani na kasha la mawe ya shaba ya kupimia, anapima mizani ya watu, iliyo sawa anaipiga muhuri, iliyo pungufu anaifunga. Wauza nyama walikuwa wakimwona kwa mbali wanakumbuka dhambi zao. Amestaafu siku nyingi lakini bado anavaa tai kwenda kununua gazeti. Hapigi kelele na hana ukali wa mkono, ila akiingia sebuleni watu hukaa vizuri. Mimi mwanawe, na ndevu zangu hizi, sijawahi kumuuliza anakwenda wapi. Mama humsemea kila kitu: baba yenu hapendi chumvi, baba yenu amechoka, baba yenu atalala. Yeye huitikia kwa kichwa.

Siku ile mezani baba akaweka kijiko chini, akamuuliza Daktari moja kwa moja kilichomwangusha ni nini. Daktari akaeleza, macho kwenye sahani. Alipomaliza, mimi na mama tukasubiri maneno ya kumpoza.

Baba akasema, "Umepiga muhuri mizani ambayo hukuiwekea jiwe, mwanangu."

Mama akamwambia hayo si maneno ya kumwambia mtu aliyeumia. Baba akasema ndiyo maneno yenyewe, kisha akatangaza kwamba kuanzia kesho mgonjwa atakuwa yeye, kwa kuwa wanatafuta mzee na mzee yupo. Nilipaliwa. Daktari alinitazama kwa jicho la kuomba msaada, na mimi nikajifanya natafuta maji. Baba akauliza swali moja tu: hayo maswali yanayomshinda kwa Kijerumani, kwa Kiswahili anayaweza? Daktari akasema hayawezi.

"Basi tuanzie hapo," baba akasema.

Kesho yake, baada ya mimi kufunga kazi, tukakaa sebuleni. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa magonjwa: natunga mgonjwa, namwandikia baba majibu kwenye karatasi, anayakariri. Siku ya kwanza nilimpa tumbo, tena tumbo la mlevi, kwa makusudi. Baba alikuja amefunga tai. Mama akaketi pembeni na kisu na kitunguu, anasema yeye hayumo.

Daktari alianza vizuri. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, mimi ndiye daktari wako leo, umekuja na shida gani. Tumbo lilianza lini, linauma wapi, linatembea au limekaa. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya kazi. Halafu akafika penye kilevi. Kichwa chake kikageuka polepole, chenyewe, kama mlango usiofungwa vizuri, mpaka akawa ananitazama mimi.

"Baba anatumia kilevi?" akaniuliza.

"Hatumii," mama akajibu kutoka kwenye kitunguu. "Tangu nimjue hajaonja."

"Mgonjwa ni mimi," baba akasema. "Huyo ni fundi wa makochi, na huyo anakata kitunguu."

Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Lakini jasho lilikuwa limemtoka Daktari kwelikweli, na siku ile hakufika mwisho. Kesho yake aliuliza akitazama kifungo cha shati la baba. Siku nyingine aliuliza haraka haraka, maneno yamefuatana kama mtu anayeruka dimbwi, na baba akakataa kujibu mpaka alirudie taratibu. Mama akafukuzwa sebuleni kwa kosa la kujibia mgonjwa. Mimi nikaambiwa nibaki karakanani, mlango wazi, nisikie lakini nisionekane, ili asipate wa kumgeukia.

Pakaanza kupendeza. Baba, mtu ambaye hajawahi kuonja hata kilevi cha sherehe, alipenda sana kuwa mlevi. Alinidai niwe namwandikia kiasi kamili na chupa za aina gani, maana alisema jibu lisilo na kipimo si jibu. Alikuwa mvutaji, alikuwa na kisukari, alikuwa na mke wa pili aliyefichwa, na hapo mama alirudi sebuleni bila ruhusa. Wakishamaliza Kiswahili wanarudia Kijerumani. Baba alijifunza ndiyo na hapana za Kijerumani akawa anazitoa kama hukumu. Na Daktari akazoea. Nilikuwa nashona nasikia sauti yake ikiuliza choo, mkojo, chumba cha kulala, kilevi, ikiwa ile ile aliyoulizia homa. Nilimwonea fahari nikawa nakosea mshono.

Zimebaki siku chache asafiri, nikamtungia baba ugonjwa wa pumu. Sikujisumbua sana: kifua, kukohoa, vumbi la mbao, baba mzazi wa mgonjwa aliyekufa kwa kifua. Sehemu nyingine za mwili niliziacha, maana mgonjwa wa pumu husema tu kwamba huko hakuna tatizo na mambo yanaendelea.

Nilikuwa nagongea kitambaa kwenye mkono wa kochi. Nikasikia Daktari anauliza, "Na haja ndogo, baba, inakwendaje?"

Karatasi ya majibu ya baba ikasikika ikigeuzwa. Nikadhani amesahau. Baadaye akasema, "Hapa Fundi hakuniandikia kitu."

"Jibu lolote tu, baba."

"Lolote silijibu," baba akasema. "Nitajibu lililopo. Haitoki vizuri. Nasimama pale muda mrefu, inatoka kidogo, inakatika, na nikiondoka bado ipo. Mara mbili imetoka na damu."

Nikaweka nyundo chini.

Nilichokuwa nakisubiri ni Daktari aite jina langu, au amwite mama, au alie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza tangu lini. Baba akasema tangu mwaka jana, wakati wa mvua. Aliuliza kama inachoma, anaamka mara ngapi usiku, kama miguu inavimba, kama amekonda, hamu ya chakula ikoje, na katika ukoo wao nani aliwahi kuugua hivyo. Alifuata mpangilio ule ule wa mtihani, hakuruka hata moja, na baba akajibu moja baada ya moja kama anasoma mizani. Daktari akamshukuru kwa kumwamini, kama anavyotakiwa kumshukuru kila mgonjwa. Kisha akauliza swali ambalo halimo kwenye mtihani.

"Kwa nini hukumwambia mtu, baba?"

"Nimwambie nani? Hakuna aliyeniuliza."

Nilimkuta Daktari jikoni amefungua bomba la maji, hana anachoosha. Aliniambia anahudumia ukumbi mzima wa wanaume, halafu anakaa nyumba moja na mgonjwa, anamwamkia kila asubuhi, anampakulia, na mwaka umepita. Mimi nilikuwa na hasira za kumgawia kila mtu: baba kwa ukimya wake, mama kwa kumsemea, mimi mwenyewe kwa kukaa ukuta wa pili na nyundo. Nilimwambia asijibebeshe peke yake. Akafunga bomba, akajifuta, akaenda kumwambia baba avae viatu.

Walimpima siku hiyo hiyo. Daktari bingwa wa njia ya mkojo ni mwenzake, mtu wa maneno machache. Alikuta tezi dume imevimba imebana njia, na mkojo umeanza kurudi nyuma kwenye figo. Figo zimechoka lakini hazijafa, alisema, na saratani hakuiona. Akamwekea baba mpira wa kutolea mkojo na mfuko wake, akamlaza wodini, akampangia upasuaji. Tarehe ikaangukia wiki ile ile ya mtihani. Kuusogeza mbele upasuaji kungekuwa kuzichezea figo, na kule kwa Wajerumani hawasogezi.

Daktari akasema haendi.

Alilisema kwa utulivu, na mimi nikamuunga mkono, kwa sababu ni baba yangu na nilikuwa naogopa. Hoja zake zilikuwa nzito: yeye ndiye daktari wa nyumba hii, matatizo ya figo baada ya upasuaji anayajua, nafasi nyingine itatafutwa. Mama akasema mtihani si mtu, aachane nao. Tukaenda wodini kumwambia baba, tukijua atafurahi. Alikuwa amekaa kitandani, mfuko wa mkojo unaning'inia pembeni, na alikuwa ameufunika na gazeti. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Bingwa atanipasua yeye, si wewe," alimwambia Daktari. "Wewe utafanya nini hapa?"

"Nitakuwepo, baba."

"Huyu yupo." Akanionyesha mimi kwa kidevu. "Kushika ndoo hakuhitaji shahada. Kule kuna mzee mwingine amekaririshwa ugonjwa wake, amekaa anasubiri kuulizwa. Mimi umeshaniuliza, mwanangu. Nenda kamuulize na yeye."

Daktari akataka kusema. Baba akainua mkono, akasema ameongea, na kwetu sisi hilo lina maana yake. Lakini Daktari hakuondoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya baba, akamwambia ataenda kwa sharti moja: kila atakapopiga simu atamuuliza yote, bila kuruka, na baba atajibu mwenyewe, si mama, si mimi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza baba kuwekewa sharti na mtu wa nyumba yake. Akasema sawa.

Akaenda. Mama alimfungia nguo huku ananung'unika, mimi nikambeba sanduku. Njiani hakuacha kusema kwa midomo, bila sauti, na nikajua anapitia maswali. Aliniambia jambo moja tu, kwamba akiona mzee wa mvi safari hii hatamwona baba amekaa pale. Atamwona mzee mwenye mambo yake ambayo hakuna aliyemuuliza.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ningependa kusema nilikuwa imara, ila mama ndiye aliyekuwa imara. Mimi nilitembea kwenye ule ukumbi wa nje nikihesabu viti vilivyochanika. Vilikuwa vingi na kazi ilikuwa mbovu. Siku iliyofuata mkojo ulikuwa mwekundu, bingwa akasema ndivyo unavyokuwa. Kesho yake ukaanza kutakata. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mtihani.

Saa ya kutazama wagonjwa, wodi ilijaa. Wageni wa baba walikuwa wanne, wote wakaguzi wastaafu, wote na tai zao, wamekaa wima kuzunguka kitanda kama wako ofisini. Hakuna aliyemuuliza baba anaumwa nini. Walisema pole, wakahamia kwenye bei za vitu, na mfuko wa mkojo hakuna aliyeuona, ingawa ulikuwa pale na safari hii hauna gazeti. Mimi nilikuwa nimeshika simu mkononi tangu asubuhi mpaka ikawa ya moto.

Ikaita. Sikio moja la baba lina uzito, kwa hiyo nikaiweka sauti ya nje, bila kufikiri.

"Fundi, nipe baba," akasema. Sauti haikuonyesha kitu. Nikaisogeza karibu na mto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mkojo unatokaje?"

Wodi haikunyamaza, lakini wale wazee wanne walinyamaza. Mmoja akaanza kukagua kucha zake, mwingine akapata jambo la kutazama dirishani. Mama alifumba macho. Nikanyoosha kidole nizime ile sauti ya nje, na baba akanishika mkono. Hakuwa na nguvu siku ile, ila alinishika.

"Unatoka vizuri, Daktari," alisema, kwa sauti yake ya kusomea mizani. "Jana ulikuwa mwekundu, leo kama chai nyepesi. Mfuko umejaa mara mbili tangu asubuhi. Mpira wanautoa kesho."

"Maumivu?"

"Kidogo, nikikohoa."

"Choo?"

"Bado. Gesi inapita."

Aliuliza yote, mpaka usingizi, mpaka miguu. Baba alijibu yote, na wale wazee hawakuwa na pa kuweka nyuso zao. Mimi nilikuwa nakufa kwa jambo jingine. Alipomaliza akapumua, na hapo nikaisikia sauti yake ikivunjika kwa mara ya kwanza.

"Alikuwa na mvi, baba, kama yule wa kwanza," akasema. "Nimemuuliza kila kitu nikimtazama usoni. Wamenipa matokeo sasa hivi. Nimefaulu."

Mama akapiga kigelegele, muuguzi akaja kutukanya, na mimi nililia, sioni sababu ya kuficha. Baba alisema vizuri, mwanangu, vizuri sana, akarudia, kisha akanirudishia simu na kulala chali akitazama dari. Machozi yalimtoka pembeni akayaacha yaende.

Niliposogea dirishani nimalizie kuongea na mke wangu, baba alimgeukia mzee aliyekuwa karibu naye zaidi, rafiki yake wa miaka yote, mtu waliyepima naye masoko ya mji huu mzima.

"Na wewe," akamuuliza, "unakojoa vizuri?"

Yule mzee akatazama mlangoni. Akawatazama wenzake. Kisha akalegeza tai, akavuta kiti karibu na mto.